Karatasi ya Bibi na Ghorofa Lililovunjwa

Wanaopita pale siku hizi wanaona uzio wa mabati, basi. Mimi bado naliona ghorofa letu. Lilijengwa na familia moja ya Kihindi, wauza vitambaa. Chini duka, juu makazi yao. Baadaye zikaingia ofisi za ardhi, nami nikaingia kama karani wa masjala. Sakafu iling'aa mpaka watu wa milimani wakawa wanavua kandambili chini ya ngazi na kupanda peku. Sisi makarani tuliwacheka. Wajinga sisi!

Siku moja akapanda hivyohivyo mama yangu mdogo, katoka Uluguru na kichane cha ndizi. Mjomba alikuwa amefariki, na watoto wake wameng'ang'ania shamba la bondeni. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, si wa baba, lakini baraza lilitaka ushahidi. Ulikuwepo: karatasi ya shamba hilo, yenye dole gumba la bibi, ndani ya mafaili yetu. Alichoomba ni nakala tu.

Nilijua ilipo. Kabati la mwisho, rafu ya chini, vumbi tupu, na mimi nina blauzi mpya nyeupe. Nikamwambia aje baada ya Idi. Mama yangu mdogo, jamani, nami nampiga kalenda kama mgeni! Akasema haya mwanangu, akaniachia ndizi.

Alirudi mara tatu. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila mara ilikuwa uvivu.

Kisha ikatoka amri kwamba jengo limechoka, livunjwe. Mafaili yakatupwa uani kusubiri lori la kuyapeleka ghalani Kihonda, mvua ikayakuta hapo. Nilipekua yale marundo wiki mbili nzima. Karatasi ya bibi sikuiona. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuwa mtu mzima, tunaishi naye.

Baraza likawapa watoto wa mjomba lile shamba. Mama mdogo sasa amepanga chumba huku mjini, Mwembesongo, anauza mboga alizozoea kulima mwenyewe. Nikienda kumwamkia, hunitambulisha kwa majirani.

“Huyu mwanangu alinihangaikia sana,” huwaambia. “Ni lile jengo tu, walilivunja mapema.”

Nami huitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijamwambia ukweli.