Madoa ya Kanzu ya Nekesa

Kuna siku moja ya Julai, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nachemka upya. Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza Form Four juzijuzi, tunaishi mtaa wa Mbotela. Kanisa letu lilikuwa la kanzu nyeupe. Jumamosi akina mama walifua na kuanika, na Jumapili, ukituona tukishuka Jogoo Road na ngoma zetu, ungedhani tumefuliwa sisi wenyewe.

Basi tangu Novemba iliyotangulia, kanzu ya jirani yetu Nekesa ilikuwa imeanza kupata madoa ya kahawia, yote mabegani. Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Wiki iliyofuata, madoa yaleyale. Mama Rodah, kiongozi wa akina mama, akatangaza kuwa hiyo ni dhambi iliyofichwa. Dhambi ya mke wa mtu unaijua. Ipo moja tu ambayo watu hupenda kuisema. Lisemwalo lipo, wakasema, na wenyewe ndio waliolisema!

Nikawauliza, mbona Januari madoa yalipotea?

"Alikuwa ametubu."

Mbona yamerudi wakati wa baridi?

"Si amerudia?"

Na kanzu ya dada yake aliyekuja kumtembelea, mbona nayo ilichafuka?

"Hao ni damu moja."

Na shuka za mtoto wake, ambaye hata meno hana?

"Kwani ananyonya kwa nani?"

Uuwi! Kila swali walilibandikia kiraka, mpaka nguo yenyewe haionekani. Na mwenye macho haambiwi tazama. Nekesa alikuwa amepanga chumba cha nyuma, na waya za kuanikia za mbele zilikuwa na wenyewe. Yeye alianika chini ya ukingo wa paa la choo, bati kuukuu lililoliwa na kutu. Julai yetu ni manyunyu kutwa. Tone likitoka kwenye bati lile litaangukia wapi kama si begani?

Jumamosi moja ya Julai hiyo niliyasema haya mbele ya wazee wa kanisa, tena kwa kelele. Kesho yake Nekesa angevuliwa kanzu mbele ya watu, na mumewe alishaapa kwamba mke aliyevuliwa kanzu hatalala tena nyumbani kwake.

Mzee Wafula, mkubwa wao, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe unaniambia bati kwa sababu ni rahisi. Lakini kwa Rodah, dhambi ndiyo rahisi. Ni neno moja tu. Sasa mimi nichague aje?"

"Lakini mzee, hilo neno moja limeitisha mangapi? Toba, kurudia, damu, mpaka maziwa ya mtoto! Bati haliitishi kitu. Liko hapo, na mvua iko hapo."

"Hapo umesema. Lakini kuitisha kidogo si kuwa kweli. Umeshaanika nguo yako pale?"

Ilibidi nikiri. Sikuwa nimeanika.

"Basi kelele ni ya nini? Na ikitoka safi, utakubali bati halina makosa?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa ya haki. Nikasema nitakubali. Akaniambia kanzu yake mwenyewe, iliyofuliwa asubuhi, ikaanikwe pale chooni, na ya Nekesa ifuliwe tena na kuanikwa nyumbani kwa mzee, ndani. Nilipokwenda kuichukua, Nekesa aliniambia polepole, "Hata mimi nimeanza kuamini. Labda nilikosa mahali na sijui." Nililia kwa hasira.

Asubuhi ya Jumapili kanzu ya Nekesa ilikuwa nyeupe pe. Ya mzee ilikuwa na madoa mabega yote mawili. Mkewe alimsihi aazime nyingine, akakataa. Aliingia kanisani nayo, akavipita viti vya wazee, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa, kando ya Nekesa.

"Rodah," akasema, "njoo. Na hii dhambi yangu uipatie jina."

Hakuna aliyemgusa Nekesa. Jioni mumewe ndiye aliyembebea kanzu wakirudi nyumbani. Na Mama Rodah, unadhani aliomba radhi? Alisema shetani aliingia kwenye bati!

Mwanangu, ukiletewa maelezo mawili ya jambo moja, usihesabu maneno. Uliza kila moja linakudai uamini mangapi usiyoyaona, kisha anza na lile linalodai machache. Lakini anza kwa kulijaribu, si kwa kuliapia, na likishindwa liache hata kama ulilipenda. Kiraka kimoja kinasameheka. Ukiona cha nne, shtuka, maana akili nyingi huondoa maarifa, na huku mtu anaumia bure.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbele yako, akupe subira kuliko aliyonipa mimi, na akuepushe na watu wasiowahi kukosa jibu. Amina.