Sweta Kwenye Kiti

"Faili ni la wote, iweje ulikalie peke yako?"

Mhadhiri mmoja alikuwa akimfokea mwenzake kwa simu, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja hapa Morogoro. Alama za mtihani zilitakiwa saa sita mchana, nazo zimo kwenye folda ya pamoja. Kompyuta yake, yenye mfumo wa Unix, ilimruhusu kuzisoma tu, si kuongeza, kwa kuwa mwenzake aliliacha faili wazi kwenye kompyuta iliyo jirani, akafunga skrini kwa nywila, akatundika sweta kitini.

"Dada, niko Kinole, huku mlimani shambani," spika ya simu ikajibu. "Sweta si umeliona? Narudi."

"Sweta linajaza alama?"

Fundi wa kompyuta aliyeitwa kusaidia akakuna kichwa. "Nikiizima kompyuta yake kwa nguvu, alizoingiza bila kuhifadhi zinapotea."

"Basi taja nywila," mhadhiri akaiambia simu.

"Mbele za watu? Hapana, dada."

Mimi niliyekuwa pembeni nikisikiliza, kompyuta nilijifunza mwenyewe, ila hili halihitaji shule. Kushikiana viti kwa sweta kantini tumevumilia, sasa tumehamia kwenye mafaili. Nje wanafunzi walishajaa barazani. Mwalimu wa sweta, shuka mlimani leo, hifadhi, funga faili, wape watoto alama zao.