Bustani ya Leodegar Haikatwi

Chupa ya uji ilirudi imejaa. Kokuberwa aliiona chupa kabla hajawatazama usoni waliokuja nayo. Alikuwa ameinama bustanini na kopo la maji mkononi, asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa sita, masika imeshapita na maua yamefika pale hasa yanapofikaga kila mwaka. Wanawake wanne wa jumuiya waliingia getini wamejifunga kanga mbilimbili. Mbele yao alikuwa Vaileth, mwenyekiti wao, aliyetoka alfajiri kumpelekea mgonjwa uji hospitalini.

Mtu hapeleki uji kwa mgonjwa akarudi nao. Na wanawake wanne hawaji pamoja saa mbili asubuhi kuuliza hali.

"Dada Koku," alisema Vaileth, "weka kopo chini, mama. Tukae kwanza."

"Semeni nimesimama."

"Kaa kwanza, jamani."

"Vaileth, mie na wewe tumeingia nyumba ngapi kuwaambia watu wakae kwanza? Sema."

Vaileth akasema. Leodegar, kaka yake Kokuberwa, alikuwa amefariki kabla ya jua kuchomoza, usingizini, kifua kimemshinda. Hapo mmoja wa wale wanawake, Mama Rogers, akaangua kilio akajitupa chini kama ilivyo desturi, na alipojitupa ni juu ya tuta la zinia.

"Mama Rogers," alisema Kokuberwa, "lia utakavyo, nakushukuru. Lakini ondoka kwenye maua ya kaka yangu."

Ndipo naye akakaa chini, kwenye matofali ya njia, akalia.

Leodegar alikuwa karani wa bohari katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na moja. Hakuoa, na aliyetaka kujua sababu aliambiwa aulize lingine. Alikaa Mwananyamala katika nyumba iliyojengwa na baba yao alipotoka Bukoba kutafuta kazi, na Kokuberwa alirudi kukaa naye alipofiwa na mume. Kati ya nyumba na njia palikuwa na kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa tisa. Majirani wote kwenye kiwanja cha namna hiyo walishajenga fremu: huyu saluni, huyu chipsi, huyu kibanda cha kutuma pesa. Kwa Leodegar peke yake kulibaki ukuta mfupi na maua. Mbele yake walimwita Mzee wa Maua. Nyuma yake walimwita Bwana Harusi, maana nyumba imepambwa lakini bibi harusi haji. Alilijua jina hilo, na siku moja aliwajibu vijana wa kijiweni, "Bibi harusi yumo ndani anavaa. Nyie ndio mna haraka."

Mwaka wake aliuhesabu kwa maua. Mwezi wa kumi na mbili mti wake wa mkrismasi uliwaka mwekundu juu ya ukuta mpaka wapita njia wakawa wanakanyaga zulia la maua. Masika ilipojaza maji pale pembeni palipobonyea, yungiyungi jeupe lilijifungua. Kiangazi kikali, wakati vingine vyote vimesinyaa, bogenvilia ndiyo ilifanya kiburi. Lakini kilele kilikuwa mwezi wa sita, upepo wa baridi unapoingia: zinia za rangi saba, mawaridi, na asumini iliyopanda ukuta kuelekea dukani kwa Abdulsamad, ng'ambo ya njia, ikipeleka harufu yake jioni bila kuombwa.

Basi Jumapili ya pili ya mwezi huo, kila mwaka, Leodegar akitoka misa ya kwanza aliliacha geti wazi, akatenga chai ya mchaichai na vikombe, na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia kutazama. Waliingia mama ntilie na bodaboda, mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake, mabinti wanaotaka kupiga picha. Yeye alisimama mlangoni na maneno yaleyale: "Macho na pua ni vyenu. Mikono rudini nayo." Hakuna aliyewahi kutoka na ua. Hata padre aliyeomba mawaridi matatu ya altare alijibiwa kwa heshima kwamba Mungu anayaona yakiwa hapohapo.

Mwaka huu Leodegar alilazwa zikiwa zimebaki siku kumi. Kitandani alimshika Kokuberwa mkono. "Geti lifunguliwe hata kama sipo," alisema. "Na mtu asikate." Akamwuliza kama amesikia. Kokuberwa akasema amesikia.

Saa sita mchana ya Jumanne hiyo alifika Ansbert. Huyu alikuwa mtoto wa baba yao mkubwa na msemaji wa ukoo hapa mjini, mtu mwenye sauti na suti. Kuhusu mahali pa kuzika hakukuwa na ubishi: Leodegar aliandika mwenyewe azikwe Dar, alikozikwa mama yao. Ansbert alilimeza hilo kwa shida. Nyuma yake ilikuja kirikuu, gari dogo la mizigo, imebeba vyuma vya turubai na viti vya plastiki.

"Hapa," aliwaambia watu wa turubai, akinyoosha kidole getini. "Fyekeni mpaka ukutani. Turubai mbili zitaenea."

Kokuberwa alitoka ndani na kigoda, akakiweka katikati ya geti, akakikalia.

"Koku, inuka."

"Nimefiwa, kaka. Aliyefiwa hukaa."

"Watu watakaa wapi?"

"Popote pasipo na maua."

"Vimaua!" Ansbert aliwageukia watu. "Mtu amekufa, huyu analilia vimaua! Mngenisikiliza tangu zamani, hapa pangekuwa na fremu sita."

"Zingekuwa fremu sita, leo turubai ungeifunga wapi? Ungezibomoa?"

Mmoja wa wale watu wa turubai akacheka, akajifanya anakohoa. Ansbert akasogea hatua moja. Kokuberwa hakusogea.

Ng'ambo ya njia Mzee Abdulsamad alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake tangu mwanzo, anasikiliza. Yeye na Leodegar walikua pamoja, wakagombana kuhusu mpira kwa miaka hamsini. Akaanza kushusha mlango wa duka.

"Wekeni huku," alisema. "Mie nafunga mpaka tuzike. Turubai moja mbele ya duka, ya pili njiani mpaka kwa kinyozi. Mwenyekiti wa mtaa nishamwambia. Masufuria yaende uani kwa Mahfudha."

"Msiba wa Mkatoliki mlangoni kwa Mwarabu?" Ansbert aliuliza.

"Kitovu cha Mwarabu huyu kimezikwa hapahapa Mwananyamala, ndugu yangu. Wewe umeshuka na treni mwaka tisini na mbili, na begi lako akakubebea huyuhuyu Leo wetu."

Watu walicheka, msibani hivyohivyo. Mkewe Mahfudha akapaza sauti kutoka dirishani kwamba kama Ansbert anaona haya kula pilau uani kwake, fungu lake litaliwa na wengine. Ansbert hakucheka. Alimwinamia Kokuberwa akasema polepole, "Haya. Utazika mwenyewe."

"Nitazika na Mungu na majirani. Na wewe ukitaka, karibu."

Turubai zikafungwa njiani. Rozari ilisaliwa pale mbele ya duka lililofungwa, na jirani aliyepita na pikipiki alizima injini akaisukuma kwa mkono.

Siku zile, asubuhi, Kokuberwa alitoka kwenye mkeka wa wafiwa akaenda kumwagilia. Wakamsema. Mfiwa hutulia, hupikiwa, huogeshwa. Haonekani na kopo anazunguka kama siku ya kazi. Shangazi mmoja alimwambia waziwazi kwamba uchungu haumo. Kokuberwa akamjibu, "Shikamoo, shangazi. Umo, ila maua hayajui kama kuna msiba." Akaenda. Kopo mkono wa kulia, rozari mkono wa kushoto. Kumi la kwanza alilisalia kwenye mawaridi, la pili na la tatu kwenye zinia, la nne kwenye asumini, la tano kwenye yungiyungi lililokwisha kusinyaa, ambalo halikuhitaji maji lakini Leodegar hakuwahi kulipita bila kusimama. Hakumlaumu Mungu. Alimwambia tu kwamba amechukua mwenye bustani, sawa, lakini bustani yenyewe asiitegemee.

Alhamisi, siku ya kuzika, Vaileth alikuja na wenzake wawili. Walikuwa na ndoo ya maji na mikasi.

"Tunakata kidogo tu," alisema Vaileth. "Za juu ya jeneza, na shada moja la jumuiya."

"Hapana."

"Dada Koku, sikia. Tutamzikaje mtu wa maua bila hata ua moja? Watu watasema ulimzika kaka yako kama mtu asiye na kwao."

"Waseme."

"Basi tununue."

"Msinunue. Nayo yamekatwa bustanini kwa mtu."

Vaileth alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, maji yakamwagika. Alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini, na alikuwa ameumia. "Mie nimemlia Leo kama ndugu," alisema. "Angalau nielewe."

Kokuberwa hakuwa amewahi kumsimulia mtu. Mama yao alipokufa, Leodegar alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na mmoja. Mama alikuwa na mawaridi kwenye kiwanja hikihiki. Wanawake waliokuja msibani, kwa upendo kabisa, walisema mawaridi yake yamsindikize, wakampa Kokuberwa mkasi kwa kuwa ni mtoto wa mwisho. Alikata yote, mpaka matumba yasiyochanua. Makaburini jua lilikuwa kali. Mpaka padre anamaliza, mashada yalishalegea kama mboga. "Tukarudi nyumbani," alisema Kokuberwa, "tukakuta hatuna mama wala maua. Kaka alikwenda akasimama pale kwenye mashina, akaniuliza nani amekata. Nikasema mie. Hakunipiga. Angenipiga ningesahau. Alichukua jembe akaanza kupalilia visiki, na toka siku ile mpaka anakufa hajakata ua."

Vaileth akafunga mikasi kwenye ncha ya kanga yake, mafundo mawili. "Watasema," alisema.

"Watasema na watachoka. Nisaidie kufagia njia."

Jeneza lilifika saa saba. Njia ya matofali bustanini ilikuwa nyembamba, na wabebaji sita wakiwa ubavuni wangekanyaga matuta. Kokuberwa alisimama getini akawapanga: wawili mbele, wawili nyuma, wengine wasubiri. Walilibeba wakijipinda, jasho likiwatoka, wakaliweka juu ya meza katikati ya mawaridi na zinia. Halikuwa na ua hata moja juu yake, kitambaa cheupe tu na msalaba.

Kisha akalifungua geti lote.

Watu waliingia mmojammoja kutoa heshima za mwisho, maana wawili wasingepita. Hapo ndipo mambo yalipokwenda polepole kuliko ratiba ya Ansbert, aliyekuwa amerudi siku hiyo kusimamia saa. Mtu alimtazama marehemu, akainama, kisha akainua uso akakutana na zinia nyekundu zimefika kiunoni, na hakuondoka. Wa nyuma wakasubiri. Mama Rogers alilipita tuta aliloliangukia akaona limeshasimama tena, akatabasamu huku analia. Mzee mmoja wa kiwandani aliweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa, akasogeza pua kwenye waridi, akafumba macho. Vijana wa kijiweni walikuja wote, wamevaa mashati ya kuazima. Mahfudha alifika kwenye asumini akasimama kitambo kirefu, akasema kwa nguvu, bila kumwambia mtu, "Ee Leo, mwaka huu umejishinda."

"Foleni isogee!" aliita Ansbert kutoka nje.

"Isisogee," alisema Kokuberwa. "Mwenye haraka atangulie makaburini."

Padre alinyunyiza maji ya baraka, na mengine yakaangukia majani. Walikaa bustanini saa moja na nusu. Hakuna aliyeondoka na ua.

Walizika saa kumi, karibu na kaburi la mama yao. Katekista Benedikto aliongoza wimbo, jeneza likashushwa kwa kamba, Kokuberwa akatia udongo mara tatu, kisha ndugu, kisha wengine, kisha koleo zikafanya kazi yake. Msalaba wa mbao ulisimikwa wenye jina la Leodegar na tarehe mbili.

Benedikto alikuwa na orodha yake ya siku zote, akaisoma kwa mazoea. "Sasa tunaweka mashada. Dada wa marehemu." Kokuberwa alikwenda mikono mitupu. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akasali kimya, akainuka. Watu walinong'ona. "Jumuiya." Vaileth akaenda naye mikono mitupu, akafanya vilevile. "Majirani." Mzee Abdulsamad alisogea na kanzu yake, akainua mikono akaomba dua. "Wafanyakazi wenzake." Wazee watatu wa kiwandani walisimama mstari mmoja, wakainamisha vichwa. "Ukoo." Ansbert alikuja na shada kubwa la plastiki lenye utepe wa zambarau, akaliweka chini ya msalaba, akamtazama Kokuberwa. Kokuberwa hakumzuia.

Padre alitoa sala ya mwisho na baraka. Benedikto alisoma shukrani za familia, akatangaza kwamba chakula kiko Mwananyamala, uani kwa Mzee Abdulsamad, na kwamba Jumapili baada ya misa ya kwanza geti la marehemu litakuwa wazi kama kawaida. Watu wakaanza kurudi kwenye magari. Kokuberwa alibaki na wachimbaji mpaka walipomaliza kusawazisha kingo kwa migongo ya koleo. Akawashukuru, akasema, "Kwaheri, kaka," akapanda gari la mwisho.