Boga la Mzee Ken

Siku moja hainitoki akilini, mwanangu, ingawa miaka imepita na magoti yangu hayanifikishi mbali tena. Ni siku ya maonyesho ya kilimo na farasi, nje kidogo ya Birmingham, majani yakianza kupukutika. Nilikuwa wa umri wako, mwanafunzi wa uuguzi, nikiishi Perry Barr na shangazi yangu Mwanaidi, Mungu amrehemu.

Shangazi alikodi kipande cha bustani cha manispaa. Jirani yake pale alikuwa Mzee Ken, Mwingereza mjane, mpole, wa kofia isiyotoka kichwani. Kila mwaka alilea boga moja tu, boga kubwa la kupeleka maonyesho. Zamani walililea yeye na mkewe. Kiangazi cha mwaka ule akalazwa hospitali, akamwomba shangazi amwagilie maji.

Shangazi akamwagilia, na kwa moyo mweupe akafanya zaidi. Akachuma majani machanga pamoja na ncha za mmea, kama wafanyavyo kwetu Morogoro, maana ukichuma, mmea unachipua upya na mboga ya leo umeipata. Tulikula majani ya maboga kwa karanga wiki nzima, mimi nikilamba vidole. Hatukujua kwamba boga la maonyesho linahitaji kila jani ili linenepe.

Mzee Ken aliporudi alikuta boga limedumaa. Hakumlaumu mtu. Akatualika tu twende naye maonyesho. Shangazi akaulizia kwa wenye bustani wengine, akaelewa alichokifanya, na asubuhi ya safari akaniambia atamweleza mzee ukweli, nami nitafsiri, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia nyanya.

"Shangazi, please," nikamsihi. "Tumwambie majani yaliliwa na konokono. Huku kila mtu anawalalamikia."

"Konokono amekukosea nini?" akajibu, akaendelea kufunga kilemba chake.

Maonyesho yalipendeza, sisemi uongo. Farasi wakubwa wa kazi walipita uwanjani, manyoya yamefunika kwato, nywele za shingo zimesukwa kwa utepe. Shangazi aliyezoea punda aliwatazama akasema, "Huyu ukimwogesha tu, siku imeisha." Nilicheka.

Ndani ya hema la mazao, boga la Mzee Ken lilikaa kati ya mengine kama mtoto aliyepotea kwenye kikao cha watu wazima. Mzee akalipapasa, akatuambia mwaka huu ndio wa mwisho. Anairudisha bustani.

"Mikono yangu imekwisha," alisema. "Hata boga linajua nimezeeka."

Nikaanza kurudi nyuma taratibu, nielekee kwa farasi. Shangazi akanidaka kiwiko.

"Tafsiri kama ninavyosema. Usiongeze, usipunguze."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mzee Ken akatukodolea macho.

"Mliyala? Majani?"

Shangazi hakusubiri tafsiri. "Very sweet," akamwambia. "With karanga!"

Mzee alicheka mpaka akaivua ile kofia. Kisha akafuta macho, na nikaona kwamba hayakuwa machozi ya kicheko peke yake.

"Kwa hiyo si mimi," akasema polepole. "Si mimi."

Hapo aibu ilinipanda hadi masikioni. Tangu atoke hospitali mtu yule aliamini amekwisha, kumbe ni sufuria yetu. Na mimi nilikuwa tayari kumwacha aamini hivyo, mradi nisione haya.

Bustani hakuirudisha. Msimu uliofuata alipanda miche miwili, mmoja wa maonyesho na mmoja wa sufuria ya shangazi.

Sasa, mwanangu, juzi uliniambia umevunja kikombe cha yule bibi unayemtunza kule Moseley, ukatupa vipande. Naye anazunguka nyumba nzima akikitafuta, akisema akili zimeanza kumtoka. Ukasema hakuna aliyekuona. Nilikumiminia chai, lakini moyoni nilikuwa nimerudi katika lile hema.

Nasaha yangu ni hii. Kosa unalolificha halipotei. Mtu mwingine hulibeba akidhani ni lake, na mara nyingi ni mtu asiye na nguvu za kulibeba. Kesho ukifika, kabla hujavua koti, mwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Akifoka, mwache afoke. Na tafadhali, usimsingizie paka wake.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi", akukutanishe na watu wepesi wa kucheka, na siku ukizeeka, akuletee kijana atakayekwambia ukweli ungali na nafasi ya kupanda tena.