Paundi Kumi na Tatu za Koti

Kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza. Ukikonda unaulizwa nani amefariki. Mimi nilikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa Minnesota, huku Marekani, ulinipeleka kituo cha basi bure. Na kila mwezi siku zangu zikifika, tumbo la chini lilinikunja kama shuka. Mwezi mmoja nilikaa chini katikati ya maboksi, kwenye ghala la Shakopee nilikofanya kazi. Msimamizi akasema, "Ukirudia bila barua ya daktari, usirudi."

Shangazi yangu wa mji wa Blaine, anayenizidi miaka kumi tu, alitoa uchunguzi wake jikoni.

"Mwanangu, huna nyama. Tumbo linajila lenyewe. Nenepa, litakosa sababu."

Akaniletea ndoo ya unga wa uji wa ulezi na karanga, ya kulisha kambi ya jeshi. Akataka kila nikitoka kliniki nimwoneshe karatasi ya uzito.

Nilikunywa uji mpaka nikaota nazama ndani yake. Mizani haikutingishika. Basi siku ya kliniki nilipanda na koti la baridi, viatu vya theluji, funguo, na chapati nne mfukoni. Muuguzi akasema naweza kuvua. Nikamwambia nasikia baridi.

Paundi kumi na tatu zaidi. Shangazi alipiga vigelegele, akaibandika karatasi kwenye friji yake.

Kasoro ilikuwa moja: daktari naye aliisoma. Alisema nimeongezeka haraka mno, nipunguze uzito, maumivu yatapungua. Barua sikupata. Nikawa na dawa mbili: kunenepa na kukonda.

Mwezi uliofuata nilirudi nimejikunja.

"Daktari, lile lilikuwa koti."

Nikavua vyote, nikatoa na chapati. Safari hii zilikuwa mbili. Akanipima, akaitazama mizani.

"Na maumivu?"

"Hayo hayakuwa mfukoni."

Ndipo akavuta kiti, akauliza yaliyokuwa hayajaulizwa: yalianza lini, yananilaza siku ngapi, na haja kubwa je? Baadaye nilipasuliwa matundu madogo tumboni, wakaingiza kamera. Walikuta endometriosisi: nyama kama ya ndani ya mfuko wa uzazi, imeota nje yake, bila kibali. Daktari alisema inawapata wembamba na inawapata wanene. Kilo haziwezi kumtoa mtu kwenye orodha.

Nilipata barua, na kazi ikabaki.

Nilimweleza shangazi yote, hata la koti. Nikangoja matusi. Aliibandua karatasi ya uzito kwenye friji, akaikunja mara nne. Huyu ni mwanamke ambaye kila mwezi hulala siku mbili na chupa ya maji ya moto, akisema ni mgongo. Na kliniki wamemwambia miaka yote kuwa ni unene.

"Uji utaendelea kunywa," akasema.

"Nitakunywa, shangazi."

Akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Huyo daktari wako, na sisi wenye miili anatupokea?"