Futi Mbili Zilizopotea Nyuma ya Rafu

Nilirudi Nyeri baada ya miaka kumi na mmoja Doha. Niliondoka nikiwa mbeba zege, nikarudi na diploma ya ujenzi niliyojilipia mwenyewe, na sikumbuki mtu wa kumshukuru. Kwa hiyo nilipoingia nyumba ya babu pale Majengo, niliitazama kwa jicho la fundi.

Mbele ni duka, lenye baraza la mabati na milango ya mbao inayokunjwa. Nyuma kuna vyumba vinne vinavyozunguka ua. Shangazi, dada ya marehemu baba, ndiye aliyebaki humo akiuza unga, sabuni na mafuta ya taa. Nilimwambia nataka kukarabati.

"Karabati," akasema. "Lakini ukuta wa rafu usiuguse."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nimesema usiuguse. Ama huko Doha hawasikii?"

Hapo ndipo wasiwasi uliponianza. Hati ya kiwanja sikuwa nimeiona tangu baba azikwe, na nilikuwa nimesikia kuna mtu wa mji wa Kenol anayeuliza bei za nyumba za mtaa wetu. Nikachukua tepu. Kwa nje, upana wa duka ni futi ishirini na nne. Ukiondoa unene wa kuta mbili za mawe, ndani zibaki ishirini na mbili na nusu. Nilipata ishirini na nusu. Futi mbili zilikuwa zimepotea, zote nyuma ya rafu.

Mtu hafichi futi mbili bure. Kila nilipoingia nilimwona shangazi amekaa kwenye kigoda chake, mgongo kwenye zile rafu, na nikahisi anazilinda.

Ijumaa alipokwenda msikitini niliita fundi. Tulitoa mawe matatu kwa nje. Ndani kulikuwa na giza na vumbi, kisha ukuta mwingine, wa udongo, umeshikwa na nguzo za mutamaiyo, ule mti mgumu wa msituni, zilizokuwa nyeusi kama makaa. Nilimulika tochi juu na chini. Hakukuwa na sanduku wala hati.

"Mkubwa, hii ukuta ya matope ni takataka tu," fundi akasema. "Nikate?"

Kitabuni nilisoma kwamba jiwe hubeba paa na udongo hujaza nafasi tu. Nikamwambia akate nguzo moja tuone kilicho nyuma yake.

Paa lilishuka kiganja kizima. Makopo ya mafuta yakaporomoka kutoka rafuni mpaka barazani. Tulikuwa bado tunasukuma mbao za kuegemeza paa aliporudi shangazi, leso begani. Alisimama, akaangalia lile shimo.

"Babu yako aliizungushia nyumba ya udongo mawe, upande mmoja mmoja, akivunja udongo nyuma yake, ili duka lisifungwe hata siku moja," akasema. "Upande wa rafu hakuuvunja. Angehamishia wapi mali ya rafuni? Paa la upande huo bado linakaa juu ya hizo nguzo za miti. Ati diploma!"

"Ungeniambia, shangazi."

"Wewe uliniambia unatafuta nini?"

Aliingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti. Hati ilikuwamo, ina jina la babu, haijabadilishwa. Alinishikia mbele ya macho hadi nikaisoma yote, kisha akairudisha, na nikasikia kufuli.

Nilisimamisha nguzo ya zege pale palipokatwa, na chuma ndani yake. Niseme wazi: hakuna nguzo nyingine iliyonyooka hivyo Majengo nzima. Paa limekaa. Mtu wa Kenol hakuja, au alikuja nisijue. Hilo bado sina hakika nalo.

Ila shangazi alihamisha kigoda. Sasa anakaa akiuangalia mlango, na kila ninapoingia ananyoosha mkono juu ya kaunta.

"Nyundo iache hapa," anasema. "Utaichukua ukitoka."

Ninaiacha.