Verlene na Vidonge vya Chai ya Kijani

Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, Verlene Stuckey hutembea hadi mwisho wa ukumbi wa jengo la maduka, hugusa kwa kiganja mbao zilizoziba lililokuwa duka kubwa la nguo, kisha hugeuka. Asipogusa, mzunguko hauhesabiwi. Ndiyo sheria ya wote wanaotembea mle ndani, wengi wao wastaafu, na hakuna anayekumbuka nani aliitunga. Niliwahi kumwona akirudi nyuma huku akichechemea, kwa sababu alikuwa amegeuka bila kugusa.

Mimi ni jirani yake, hapa Ohio. Verlene alipika katika shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, akisimama kwenye sakafu ya saruji, na goti lake la kulia limekwisha; mfupa unasaga mfupa. Tangu ashindwe kupanda ngazi analala kwenye kiti cha sebuleni. Chumba chake kiko juu, na kitanda alicholalia na marehemu mumewe kiko huko, kimetandikwa. Alitaka goti la bandia ili arudi kulala kitandani kwake. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Daktari wa mifupa alimwambia hatamfanyia upasuaji mpaka apungue ratili arobaini, kama kilo kumi na nane. Verlene akamuuliza atapunguaje bila kutembea, na atatembeaje kwa goti lile. Daktari akasema wengine wameweza, akampa karatasi yenye picha za mboga.

Basi akatembea. Alikula supu ya kabichi mpaka nyumba nzima ikanuka kabichi. Mizani ilishuka kidogo, halafu ikagoma. Ndipo Oleta Crabtree alipomwingia. Oleta alikuwa mwenzake wa matembezi, mwembamba kama ufito, na aliuza virutubisho kutoka kwenye buti ya gari lake. Alitembea kwa kasi, akimpita Verlene kila mara, na kila akimpita hakukosa neno.

"Shoga, ukizidi kusimama hapo watakubandika bei," alimwambia siku moja Verlene alipoegemea nguzo kupumzisha goti.

"Waibandike. Ila atakayeninunua anibebe mwenyewe mpaka kwake."

Walicheka mpaka Oleta naye akashika nguzo. Siku hiyo hiyo Verlene akanunua kopo la kwanza, vidonge vya chai ya kijani, viwili kwa siku. Oleta alimwapia kwamba hamna dawa ndani yake, ni majani tu, mtu anaweza kuyanywa kikombeni. Mizani iliposogea, Verlene akaongeza vikawa vinne, kisha sita, na akavimeza kabla ya kutia chochote mdomoni, maana Oleta alisema tumbo likiwa tupu mafuta huungua upesi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, ratili arobaini zilikuwa zimeondoka. Nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Baadaye alinisimulia kwamba muuguzi alimpongeza, kisha akamuuliza anatumia dawa gani. Akataja ya presha, basi. Hakuficha kitu, aliulizwa dawa, na yale yalikuwa majani. Wakampangia tarehe ya upasuaji, wakamtoa damu ya vipimo. Tulipokuwa tukirudi aliniomba tusimame dukani, akanunua shuka mpya za rangi ya samawati. Nilizipandisha juu, nikamtandikia kitanda, naye amesimama chini ya ngazi akinielekeza mto ukae upande gani.

Siku chache baadaye simu ikaja. Damu ilionyesha kwamba ini limeumia, na upasuaji ukafutwa. Kumbe macho yake yalikuwa yamegeuka manjano. Yeye alidhani ni taa ya bafuni. Daktari alimuuliza kama anakunywa pombe, na Verlene, ambaye kanisani kwao hata meza ya Bwana ina maji ya zabibu tu, alikasirika sana. Ilibidi aulizwe tena na tena ndipo akayakumbuka majani. Akaamriwa aache mara moja.

Akaacha. Ini likapona polepole. Uzito haukuwa na subira hiyo. Ulirudi haraka kuliko ulivyoondoka, ingawa hakukosa matembezi hata siku moja. Majira ya joto macho yake yalikuwa meupe, na mizani ilikuwa imevuka tena mpaka wa daktari. Wakamwambia ini sasa linaruhusu, ila uzito hauruhusu. Aje tena akipungua.

Oleta hauzi tena pale. Humpita Verlene kimya, akitazama vigae. Nadhani Verlene angependa zaidi atukanwe.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mahindi ya kuchemsha. Alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, televisheni imezimwa. Aliniambia amepungua ratili kumi na moja, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Alipogeuka kupokea sahani, mwanga wa dirishani ukampiga usoni, nami nikayaona macho yake.

"Bibi Verlene," nikamuuliza, "umeanza tena vile vidonge?"

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nikivimeza, ninapungua."